Kinga Isiyo na Breki

Mwaka wa 2017, vita vilipofika Pweto, mji wa kando ya ziwa, mwenye mtumbwi aliwaambia wakimbizi kila nyumba ipakie kitu kimoja tu. Ruffin alipakia kinga yake, baiskeli ya mbio isiyo na breki, aliyoiendesha miaka sita uwanjani Lubumbashi. Cherehani ya mkewe Pierrette, fundi wa nguo, ilibaki ufukweni. Pierrette hakulia. Walivuka mpaka, wakafika kambi ya Kenani, wakahamishiwa kambi ya Mantapala, wakapewa shamba, naye hakuitaja cherehani hata siku moja. Kunyamaza huko ndiko kulikomla Ruffin.

Basi asubuhi alilima mihogo, na jioni alizunguka uwanja wa mpira mpaka giza likaingia. Alitaka jambo moja tu: ionekane kwamba kinga ile haikuvuka maji bure.

Alipokuwa na miaka thelathini na minane, ikatangazwa kwamba siku ziwa litakapofunguliwa tena kwa uvuvi, mjini Nchelenge kutakuwa na mbio za baiskeli za wawiliwawili, mmoja dhidi ya mwenzake, mizunguko mitatu. Mshindi angekwenda mashindano ya Ndola akiwa katika timu ya mkoa wa Luapula. Ruffin akaomba kibali cha siku mbili cha kutoka kambini, akaenda.

Aliwashinda wanne. Wa tano na wa mwisho alikuwa Chola, mbeba samaki, kijana mwenye mapaja kama vinu. Katika mzunguko wa pili Ruffin alikuwa mbele, akimkingia Chola upepo. Akafanya alivyofundishwa Lubumbashi: akasimamisha kinga papo hapo, miguu ikikaza pedali bila kugusa chini, magurudumu yakitikisika kidogo tu, ili Chola alazimike kupita na kuupokea upepo yeye.

Watu wakacheka. "Ulelala?" mwanamke mmoja akamwuliza kwa Kibemba kama amelala, kisha akawapigia wenzake kelele: "Muleteeni mukeka, Mukongomani amechoka!"

Chola akapita, akigeuka kumshangaa. Hapo Ruffin akaondoka. Alimfuata mgongoni, akatoka kwenye kivuli chake kwenye kona ya mwisho, akamshinda kwa gurudumu moja.

Mwamuzi Chalwe, mwalimu mpole, alikuwa amekwisha kulikata jina la Ruffin.

"Papa Ruffin, weye ulisimama."

"Ile njo mbio yenyewe, mwalimu! Kusimama ni akili. Kwetu wote wanafanya."

"Kwetu huku mutu akisimama ametoka. Nilisema asubuhi, kwa Kibemba. Haukusikia?"

Alikuwa amesikia. Hakuelewa, na aliona haya kuuliza mbele ya vijana.

Chola akampa mkono. "Pole, mukubwa. Miguu yako ni mizuri. Kichwa ndicho kimekuchelewesha."

Kesho yake, kabla kibali hakijaisha, Ruffin alipeleka kinga kwa mfanyabiashara mmoja pale sokoni, wakabadilishana. Akarudi Mantapala kwa miguu, cherehani kuukuu begani, ikimchuna ngozi.

Pierrette aliitazama kwa muda mrefu. Akagusa gurudumu la cherehani. Akachukua sindano, akainua uzi kwenye mwanga wa mlango, akajaribu mara tatu.

"Ruffin, ungeleta zamani," alisema. "Macho inakwisha. Tundu siioni tena."

Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya cherehani tangu Pweto. Ruffin akapiga magoti, akalamba ncha ya uzi, akautia tunduni. Mkewe alikuwa amekwisha kutoka, ameshika jembe.