Pikipiki ya Kunipandisha Kilima

Mume wangu hakuwa mlevi, hakuwa mzururaji, wala hakuwahi kuninyanyulia mkono. Nasema hayo mapema ili mtu asidhani namtafutia sababu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: akiona kitu kinafanya kazi vizuri, lazima akifungue.

Pikipiki tuliinunua ikiwa kuukuu, miaka ya sabini ilipoanza. Yeye alikuwa karani wa kiwanda cha chai, mimi nikifundisha shule ya msingi upande wa Nyamache. Ilikuwa ya zile za kuchanganya petroli na oili kwenye tangi moja, na moshi wake ulikuwa wa kuni mbichi. Ilitufaa. Tatizo lake lilikuwa kilima kimoja kirefu cha kwenda Kisii mjini. Tukiwa wawili ilikohoa, ikaishiwa pumzi, nami nikashuka. Nilipanda kwa miguu na viatu vyangu vya kanisani, nikamkuta juu ananingoja, akitazama migomba ya watu. Mimi sikujali. Lakini wenzake kiwandani walimcheka, eti bibi yako unamfanyisha mazoezi, na maneno hayo yakamkaa rohoni.

Mwaka huo nilikuwa nimejiandikisha kufanya mtihani wa cheti cha ualimu. Nilifundisha bila cheti, na mwalimu wa namna hiyo aliondolewa muhula wowote, siku yoyote akitokea aliyesomea. Kwa hiyo nilisoma. Nilisoma nikikoroga ugali, nilisoma nikinyonyesha. Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi, Kisii mjini. Nikamwambia mume wangu nitatoka Jumapili, nilale kwa dada yangu.

“Ya nini?” akasema. “Nitaiongezea nguvu hii injini. Jumatatu utapanda kile kilima umekaa kama bibi ya DC.”

Wiki nzima nyumba yangu ikawa gereji. Fundi mmoja alikuwa amemweleza kwamba nguvu ya injini ya namna ile iko kwenye tundu la kutolea moshi, basi akachukua tupa yangu ya kunolea jembe, akaanza kulipanua lile tundu. Krr, krr, mezani pangu pa kulia chakula! Kisha akasikia kwamba kichwa cha silinda kikipunguzwa kidogo, mlipuko unakuwa mkali zaidi. Kukipunguza kulihitaji msasa juu ya kitu kilichonyooka sawasawa, na nyumba nzima kitu hicho kilikuwa kioo changu cha kujitazamia. Kikang'olewa ukutani. Nilimwuliza, “Sasa mimi nitajitazama wapi?” Akanijibu kwamba mimi ni mzuri hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Ijumaa jioni alikuwa anakirudisha kichwa mahali pake. Kinafungwa na nati nne. Mbili alikuwa amezikaza kwa spana, mbili amezizungusha kwa vidole tu, mama mkwe akatokea mlangoni na kitenge chake kichwani.

“Jua limezama! Weka chini hiyo chuma! Sabato imeingia!”

Kwetu hapakuwa na mjadala juu ya hilo. Chungu kiliepuliwa hata kama maharagwe ni magumu, na jembe liliachwa mtaroni. Spana ikaanguka palepale, akanawa mikono, tukaimba. Siku iliyofuata tulishinda kanisani. Jua lilipozama tena alikimbia kwenye pikipiki kama aliyefunguliwa kamba, akafunga kabureta, akafunga ekzosi, akapiga kiki. Ikalia mpaka ng'ombe wa jirani akakata kamba. Watu wakajaa uani, mzee mmoja akipiga makofi, “Buya mono! Buya mono!” yaani vizuri sana. Zile nati mbili nani angezikumbuka?

Jumatatu tukaondoka alfajiri. Nusu ya kilima tulipanda kwa mbio, sikatai. Nilimshika kiuno kwa hofu. Halafu nikasikia puu, kisha tss, tss, tss, oili ikaniruka mguuni, na pikipiki ikasimama.

Akapiga magoti, akashika kichwa chake mwenyewe. “Nati! Sikuzikaza! Sabato ilinikuta!”

“Kaza sasa. Spana iko wapi?”

“Nyumbani.”

“Nyumbani?”

“Nilitoa vyuma vyote, ili iwe nyepesi.”

Jamani! Nilitaka kumrusha bondeni, yeye na chuma chake. Ikatokea pikapu ya ndizi, kwa maana Jumatatu ni siku ya soko la Daraja Mbili pale mjini, nikaikimbilia huku nikipunga kitabu. Wakanipandisha juu ya mikungu, utomvu ukanichafua blauzi. Lakini pikapu ya ndizi haijui mtihani. Kila njia panda ilisimama, mama mwingine akapakia mkungu mwingine, akabishana bei ya kubebewa, nami nalia kimyakimya huku wachuuzi wakiniuliza kama nimefiwa.

Nilishukia sokoni nikakimbia mpaka kwenye ukumbi wa mtihani. Msimamizi akafungua mlango kidogo tu. “Mama, wenzako wako katikati ya karatasi. Rudi mwakani.”

Nikakaa chini nje ya ukuta, na kalamu zangu mbili mkononi.

Mchana niliisikia kabla ya kuiona. Alikuwa ameazima spana mahali, akaja pikipiki ikilia njia nzima, uso mweusi kwa oili, meno yote nje.

“Fundi alisema kweli!” akapiga kelele. “Nimekaza nati tu, imepanda kile kilima chote bila kupumzika!”

“Imempandisha nani?” nikamwuliza.

Akatazama kiti cha nyuma, akatazama blauzi yangu, akatazama mlango uliofungwa, ndipo akazima injini.