Nyimbo za Mjapani kwenye Gari la Baba

Mimi si mtu wa kutulia. Hata wimbo ninaoupenda siumalizi. Kidole tayari kiko kwenye kitufe, natafuta unaofuata. Kwa hiyo redio ya gari iliponiambia kwamba imejaa, tena wiki ile ile ya harusi ya mpwa wangu, damu ilinichemka.

Naiita redio, ingawa ni zaidi ya redio. Gari alilinunua marehemu baba likiwa limeshatumika Japani, na kwenye dashibodi yake mna mashine yenye diski ya kuhifadhia muziki. Ukitia CD, inaupiga wimbo huku ikiumeza. Maandishi yote ni ya Kijapani. Baba aliijua kwa kubahatisha, akatufundisha kwa mahali: kitufe cha juu ni kucheza, cha katikati ni kurudi, cha chini kabisa ni kufuta, hicho usikiguse. Nilimwomba fundi mmoja wa hapa kwetu Kilibula anitolee nyimbo aziweke kwenye flashi. Alichungulia, akacheka.

"Iyi mashini inakulaka, haitapikake," akasema, yaani wimbo ukiingia hautoki.

Nami nilihitaji nafasi. Mpwa wangu alikuwa anatoka Kilibula kwenda kuolewa Lubarika, na gari letu ndilo lingembeba mbele ya msafara, likipiga nyimbo ambazo kwaya yake ilimrekodia. Kupiga CD yenyewe ni kujitafutia aibu. Barabara yetu unaijua: kila shimo CD inaruka, na wimbo wa bibi harusi ukikatika njiani, shangazi zake huanza kunong'ona kwamba ndoa nayo itakatika. Sharti nyimbo ziingie kwenye diski kabla ya Jumamosi.

Kikwazo kilikuwa mama. Tangu tumzike baba hakutaka ufutwe hata wimbo mmoja. Kila nikigusa mashine, yeye yuko nyuma yangu, ananikumbusha ni nani aliyeziweka.

"Papa yako njo aliziweka. Achia."

Wa kufutwa nilikuwa nimeshamchagua zamani. Mwenye gari wa kwanza, huko Japani, alisahau ndani yake albamu nzima ya mwanamke mwenye sauti nyembamba, anayeimba polepole utadhani analipwa kwa saa. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alinikera tu. Hakuna kati yetu aliyeelewa hata neno lake moja. Nyimbo nyingine karibu zote zilikuwa za kwaya ya parokia, ambayo baba aliifundisha mpaka maradhi yakamkalisha. Hizo nilijua ni roho ya mama, nisingethubutu.

Ijumaa asubuhi niliegesha gari kando ya ziwa, mama akiwa kiti cha nyuma, ili tumalize ubishi. Nilikuwa nagonga usukani kwa vidole.

"Mama, nitafuta za ule Mujaponi. Za kwaya ya papa zitabakia zote."

Nilitegemea anishukuru. Nikaichagua albamu, nikapeleka kidole chini kabisa. Akanirukia, akanishika mkono.

"Ule achia! Futa za kwaya."

"Za kwaya? Mama, papa alizifundisha miaka yote!"

"Kwaya iko. Nikienda mu kanisa wanaziimba, na minye naimba pamoja nao. Lakini ule mwanamuke, papa yako njo alikuwa anamufuata na mluzi. Ukimufuta, weye, minye nitamusikia papa yako wapi?"

Ni kweli. Maneno ya Kijapani yalimshinda baba, basi alipiga mluzi. Miguu ilipokosa nguvu alikuwa akiomba tumkalishe humu, hapa hapa mbele ya ziwa, apige mluzi na mwanamke wake wa Japani, mama akiwa pembeni anachambua maharagwe. Mimi nilikuwa nje nazungukazunguka, kama kawaida yangu.

Nikafuta za kwaya. Iliniuma, sitaficha. Kisha nikatia CD ya bibi harusi, tukangoja mpaka mashine ikaimeza yote.

Jumamosi msafara ulikwenda vizuri, bibi harusi akiwa nyuma kati ya mama na shangazi mmoja, honi juu, mashimo yote, na wimbo haukukatika hata mara moja. Karibu na Lubarika nyimbo za harusi zikaisha, na mashine, bila kuulizwa, ikampisha yule mwanamke. Bibi harusi akacheka. Shangazi akafoka:

"Eh! Iyi iko nini tena?"

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Ndipo nikasikia mluzi nyuma yangu, mwembamba, pumzi nyingi kuliko sauti. Kwetu mwanamke hapigi mluzi; mama huyu huyu aliwachapa dada zangu midomo kwa ajili hiyo. Lakini mluzi ule ulijua pa kupanda na pa kungoja, kama wa baba.

Nikarudisha mkono kwenye usukani, nikauacha wimbo mpaka ukaisha.