Nilikata gauni la marehemu nikashona nyota za Krismasi

Naomba ufiche jina langu na la kanisa letu, maana huku Kisesa tunajuana. Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili, na kazi yangu ni fundi cherehani. Naishi na mume wangu pamoja na mama yake. Mama mkwe umri umekwenda, siku hizi anasahausahau. Anaweza kubandika chai akaiacha ikakaukia jikoni, ukimuuliza anashangaa. Lakini tangu niolewe hajawahi kunitolea neno baya. Nalitanguliza hilo mjue haya nimemfanyia nani.

Kila mwaka ikifika Novemba huwa nashona mapambo ya Krismasi, nyota na soksi ndogo za kuning'iniza. Naunganisha viraka, katikati naweka pamba, juu napitisha mistari ya uzi mpaka kinavimba vizuri. Mwaka jana mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini aliziona nyota zangu akazipenda, akaniagiza nyingi za kuuza dukani kwake, zote nyekundu. Sikuwahi kupata kazi kama ile.

Zikiwa zimebaki chache, kitambaa chekundu kikaniishia, na kesho yake ndiyo siku ya kupeleka. Nikapekua nyumba nzima. Chini ya kitanda cha mama mkwe nikakuta mfuko wa salfeti umefungwa kwa kamba. Nilijua ni wa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa Misungwi. Aliuleta miezi kadhaa nyuma. Ndani mlikuwa na nguo za mtoto, na juu kabisa gauni jekundu la velveti. Nikajiambia nguo inayotupwa chini ya kitanda ni nguo isiyo na kazi. Nikakata.

Sketi yote ilikuwa imeshakuwa vipande ndipo nikaitazama kola nyeupe iliyobaki mkononi, nikaitambua. Wifi alikuwa na binti mmoja tu, akafariki kwa homa ya siku mbili akiwa na miaka mitano. Lile ndilo gauni alilovaa Krismasi yake ya mwisho, akaimba mbele ya kanisa. Sitaki kujitetea. Wifi hana mtoto mwingine, ningefikiri dakika moja tu ningejua.

Hapo ningeweza kuacha. Sikuacha. Nilimalizia nyota, kola nikaitumbukiza chooni, mfuko nikaufunga kama nilivyoukuta. Asubuhi nikapeleka kazi mjini.

Tarehe 24 wifi akaja kula sikukuu kwetu. Hata chai hakunywa. Alimwamkia mama yake, akaomba mfuko.

"Mume wangu alitaka nguo zote tuzigawe, ndiyo maana nilikuletea wewe, mama. Leo nataka nilishike gauni lake tu."

Akamwaga nguo kitandani, akazikunjua moja moja. Akarudia tena.

"Mama, gauni liko wapi?"

"Si liko humo?"

"Halimo."

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika ungo wa mchele. Akanigeukia. "Wifi, hujaliona?"

Nikasema sijaliona.

Wiki ile mama mkwe alikuwa amechoma godoro bovu na matambara nyuma ya nyumba, na majivu bado yalikuwepo. Wifi akaenda kuyachakura kwa kijiti. Aliporudi mikono yake ilikuwa myeusi.

"Mama, umelichoma."

Mama mkwe alimtazama usoni. Nilimwona anavyojitahidi kukumbuka. Mwisho akasema taratibu, "Labda ni mimi, mwanangu. Siku hizi kichwa changu si kizima. Nisamehe."

Wifi aliondoka mchana uleule. Nilimsindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Mtoto wangu nimemzika mara ya pili leo, na aliyenizikia ni mama yangu mzazi." Tangu siku hiyo hapokei simu za mama yake.

Baada ya sikukuu nilikwenda dukani kutafuta japo nyota moja. Yule mama Mhindi akaniambia zimechukuliwa zote, watu wamezipenda, akaniuliza kama naweza kuleta nyingine. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu kila kitu. Akasema, "Ukilisema hili, dada yangu hatakanyaga hapa tena, na mimi sitakutetea. Mama ameshakubali kosa, na atasahau. Wewe nyamaza."

Lakini mama hajasahau. Anasahau majina ya wajukuu wake, hili halisahau. Amekonda. Kila asubuhi anakwenda pale alipochoma takataka, anachakura kwa fimbo yake. Nikimwita aje ale, ananiambia, "Kuleni tu, mwanangu, nakuja." Haji.

Juzi alikuja chumbani ninaposhonea akiwa na kitambaa kipya chekundu. Kumbe aliwapa majirani kuku wake wamuuzie, wakamnunulia kitambaa, mimi sikujua.

"Wewe ni fundi," akaniambia. "Nishonee gauni kama lile la mjukuu wangu. Nitampelekea mama yake Misungwi mwenyewe, nimpigie magoti. Najua halitakuwa lenyewe, ila aone kwamba nimejuta."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Akanishukuru. Anataka kusafiri nalo Jumamosi.

Leo ni Alhamisi na sijakata hata kipande. Yeye anadhani nina kazi nyingi. Jana alipita akaniambia nisijichoshe, akanipapasa bega. Nikishona, mama wa watu atakwenda kupiga magoti mbele ya mwanawe kwa kosa langu. Nikisema, ndoa yangu sijui kama itabaki, na wifi atajua mwanawe ananing'inia kwenye nyumba za watu asiowajua.

Msinionee huruma, na wa kunitukana nitawasoma wote. Naomba tu mwenye busara aniambie: kabla ya Jumamosi, nianze kusema kwa nani, na neno la kwanza liwe lipi?