Mawe ya Mabirikani
Tarehe 2 Februari 2009, kwa mujibu wa daftari la wafanyakazi la makumbusho ya mji, Remei Bassols aliajiriwa kuwa mlinzi wa chini ya jengo, yalipo mabirika kumi na mawili ambamo Warumi wa kale walitia samaki chumvi. Kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasiguse. Kuwaeleza wageni ilikuwa kazi ya waongozaji.

Kabla ya hapo, mpaka kiwanda cha samaki cha mji kilipofungwa, alikuwa amepanga dagaa kwenye mapipa kwa miaka ishirini na miwili: vichwa ukingoni, mduara juu ya mduara, chumvi katikati, na juu kabisa kifuniko cha ubao na jiwe zito. Bila jiwe dagaa huelea na kuoza. Kila mwanamke alikuwa na mawe yake, na kuchukua la mwenzio bila kuomba kulileta ugomvi wa wiki nzima.

Ndani ya mabirika yalikutwa mawe tisa. Kibao cha maelezo kando yake kinasema yalirushwa na mitambo ya vita mji ulipozingirwa. Lakini kila jiwe limechongwa bapa upande mmoja. Kibao hicho alikiandika mkurugenzi wa makumbusho, Llorenç Escuder, ambaye pia ana kitabu kuhusu vita hivyo.

Remei alinyamaza miaka mingi. Machi mwaka huu mgeni mmoja alimuuliza kwa nini jiwe la kurusha lichongwe bapa, naye akamweleza anachokijua kuhusu mawe ya kukandamizia samaki. Kufikia Mei waongozaji walikuwa wakilalamika kwamba wageni wanawaacha na kumzunguka mlinzi.

Escuder alimwita ofisini. Alikuwa mpole. Alimsogezea karatasi: asaini kwamba hatazungumza na wageni, la sivyo ahamie chumba cha kutunzia makoti ya wageni.

"Mama Remei, hapa tunafuata utafiti."

"Huo utafiti umewahi kushika dagaa, mwanangu, au unawajua wa kwenye sahani tu?"

Remei alimwomba washuke wote wawili, waweke jiwe moja juu ya ubao, aone lenyewe litakavyotulia. Escuder alikataa, mawe hayaguswi.

"Basi sisaini. Nipeleke kwenye makoti. Kibao chako kina makosa, na nitasema hivyo hata nikiwa nimeshika koti la mtu."

Alihamishwa Jumatatu. Jumapili si siku yake ya kazi, na wakazi wa mji huingia bure. Jumapili iliyofuata alivaa gauni la kanisani, akachukua tiketi ya bure, akashuka na wenzake wawili wa kiwandani, Pepa Oliu na Quimeta Sabater. Amri ya kunyamaza ni ya wafanyakazi. Mgeni husema apendavyo mradi asiguse.

Quimeta, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyainamia mawe kwa muda mrefu.

"Hilo la tatu," akasema, "ningelipigania."

Wageni kumi na wanne walimwacha mwongozaji wao wakaja kusikiliza. Escuder alishuka hadi katikati ya ngazi, akasimama kidogo, akapanda tena.

Kibao hakijabadilishwa. Escuder ameliandikia baraza la mji akiomba wageni wakatazwe kutoa maelezo, na baraza litakaa tarehe 19. Kabla ya hapo, Jumapili saa nne asubuhi, Remei atashuka tena na wanawake kumi na mmoja wa kiwandani.