Njiwa Mwekundu wa Nenu Farrugia

Salvu Grech ni katibu wa chama chetu cha mbio za njiwa, huku magharibi ya Melbourne. Ni fundi wa tramu aliyestaafu, mtu nadhifu kupita kiasi. Tulikuwa tukimtania kwamba hata njiwa wake hupanga foleni wakienda kunywa maji.

Kilichomkera ni namba za pete. Kila njiwa huvishwa pete mguuni angali kinda, lakini wanachama tuliziandika kila mtu alivyopenda: huyu alitanguliza mwaka, yule herufi, mwingine mkwaju katikati au sifuri kibao mbele. Salvu alikuwa amejifunza kuandika programu maktabani. Akatunga mistari michache ya kufuta herufi, mikwaju na sifuri za mbele, namba zote zikawa na sura moja. Tulimpigia makofi.

Kumbe herufi zile zilionyesha pete imetolewa na chama cha mjini au cha mashambani. Zikiondolewa, njiwa wawili waweza kubaki na namba moja. Salvu hakuliona hilo.

Katika mbio ndefu, njiwa walipoachiliwa jangwani warudi kwao, jike mmoja wa Salvu hakurudi. Dume mwekundu wa mwanachama mwenzetu, Nenu Farrugia, hakurudi vilevile. Huyo alikuwa wa mwisho katika ukoo wa njiwa alioulea marehemu mke wake, na kila jioni Nenu alikaa karibu na banda akitikisa mkebe wa mahindi na kumwita.

Mkulima mmoja akapiga simu: ameokota njiwa hoi. Akasoma pete. Salvu akaingiza namba, kompyuta ikamtolea jike wake. Kwetu, njiwa aliyeshindwa kurudi hana thamani. Salvu akamwambia mkulima amnyonge tu.

Jumatano jike yule akatua nyumbani kwa Salvu, mzima, na pete yake.

Nilikuwa kwa Nenu nikimsaidia kukwangua sakafu ya banda Salvu alipoingia na jike kapuni. Alieleza yote amesimama, kwamba aliyenyongwa ni yule dume mwekundu, akasema herufi ameshazirudisha. Nenu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hukuuliza hata rangi, Salvu?"

"Sikuuliza."

"Ungejua ni wangu, je?"

"Ningemfuata kwa gari, Nenu."

Nikainamia ndoo. Salvu akasogeza kapu mbele. "Mchukue huyu, ndugu yangu. Umfuge, umnyonge, shauri yako."

Nenu akamtoa jike, akamkagua mbawa, akamrusha juu. Jike akazunguka mara moja, akaelekea kwao.

"Huyo hana kosa," Nenu alisema. "Alikuwa njiani anakuja, na wewe ulikuwa umeshamhukumu. Nenda ukampe maji."

Salvu aliokota kapu. Langoni alipapasa komeo asilipate, na lango lile amelifungua miaka mingi. Sikwenda kumsaidia. Niliona asingependa mtu amwangalie usoni.