Pikapu Iliyolala Ikitazama Mlima

Hapana, siyo woga! Ndivyo nilivyomjibu kaka Deo jioni hii, nanyi mtaniamulia. Alinicheka eti nitapoteza muda kuchomoa waya wa hasi kwenye betri kabla sijagusa stata, ile mota ya kuwashia injini. Mimi, ambaye hata chai siwezi kuisubiri ipoe! Lakini nilipofungua boneti, harufu ya karafuu na chuma cha moto ikanirudisha kijijini kwetu Matombo, nina miaka tisa, mbele ya pikapu hii hii.

Enzi hizo ilikuwa ya baba, ya kubebea ndizi na karafuu. Ukizungusha ufunguo inasema "tik", basi. Baba hakuhangaika, maana kwetu kote ni mteremko. Aliiegesha pua ikitazama bondeni, akaiacha kwenye gia, jiwe chini ya tairi. Asubuhi anatoa jiwe, gari linaserereka, linawaka. Nilidhani magari yote duniani yanalala hivyo.

Mpaka siku lilipozimika kwenye tambarare kando ya mto, bibi mzaa mama yumo ndani, kifua kimembana, pumzi inatoka kama mluzi. Tukakaa pale hadi watu walipotoka shambani kuja kusukuma. Tulipofika nyumbani mama akampigia mdogo wake, mama mdogo Sesi, fundi umeme wa magari kule mjini, Mwembesongo. Bibi alitakiwa kurudi hospitali keshokutwa.

Kesho yake mama mdogo akaja na mkoba wa spana.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umejisumbua bure, shemeji. Sisi tuna mlima, stata ya nini?"

"Huo mlima ndio utamfikisha mama yangu hospitali?"

Baba, kuonyesha naye anajua, akaingia chini ya gari na bisibisi ili aipige stata shoti, umeme uifikie bila kupitia ufunguo. Mama mdogo akamdaka mkono.

"Toka huko! Gari lipo kwenye gia. Likiruka linakupitia!"

Baba akatoka, akamkabidhi bisibisi. Sikuwahi kumwona akimtii mtu hivyo.

Mama mdogo akavuta handibreki, akatoa gia, akaweka mawe mbele na nyuma. Akanipandisha niwashe taa, nizungushe ufunguo. Tik.

"Taa zimefifia?"

"Hapana, mama mdogo."

"Basi betri nzima. Umeme unakosa njia ya kurudi kwenye betri."

Akachomoa waya wa hasi kwanza, spana isije ikapiga shoti. Akafuata kwa kidole hadi waya mnene unaounganisha injini na bodi. Ncha yake imeliwa, imejaa unga wa kijani. Akafunga mpya, baada ya kusugua bati kwa msasa mpaka likang'aa. Waya wa betri akaurudisha mwisho kabisa.

Ufunguo mara moja tu, injini ikanguruma, kuku wakatawanyika! Lakini kilichoniacha mdomo wazi kilikuja baadaye. Aliigeuza pikapu ikatazama mlima, akaizima.

"Isipowaka kesho je?" baba akauliza.

"Nalala hapa hapa, shemeji. Isipowaka, utanisema vizuri."

Asubuhi iliwaka, bibi akaenda kutibiwa.

Miaka yote nilidhani alikuwa anaringa. Leo, mkono wangu ukiwa juu ya betri, ndio nimeelewa. Alijinyima mteremko makusudi. Kama kazi yake ilikuwa mbovu, aijue yeye kwanza, kabla ya mama yake kukwama njiani.

Sasa pikapu iko kwa Deo, imeanza tena kusema "tik", naye anaiegesha pua bondeni kama baba. Kesho asubuhi nitachomoa waya wa hasi kwanza, nitaitafuta kutu, hata kama itanichukua mpaka mchana. Nikimaliza, naigeuza itazame mlima, nazima, nampa ufunguo.