Niliwakataza Masoko nzima wasimpe binti yangu kitu kitamu. Siku moja wakanitii

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, hapa Kilwa Masoko. Mke wangu amekisoma kabla sijakipandisha, na kila palipozidi chumvi amenifutisha.

Nianze na waliosema sitaweza, maana hao ndio wamenisukuma tangu utotoni.

Walisema mtoto wa mkulima wa ufuta wa Kikole hawezi kusomea ufundi. Nina diploma ya umeme na majokofu, imetundikwa ukutani karakana, njooni muione. Walisema nikienda kufanya kazi Muscat nitarudi na begi tupu kabla ya mwaka kuisha. Nilikaa miaka saba, nikarudi na vifaa vyangu. Leo kuanzia Masoko hadi Nangurukuru friji ikigoma watu wanauliza "fundi yuko wapi", na wanamaanisha mimi.

Kisha binti yangu Saada, akiwa na miaka saba, akakutwa na kisukari. Ile aina ya watoto, ambayo mwili hautengenezi insulini, kwa hiyo anachoma sindano kila siku ya maisha yake.

Kaka yangu Bakari, aliyebaki Kikole na shamba, aliniambia mbele za watu: "Hili siyo friji, mdogo wangu. Hili hutaliweza."

Nikasema moyoni, subiri uone.

Kwa wasiojua, mtoto wa namna hii lazima umpime sukari mara nyingi kwa siku. Tulikuwa tunamtoboa kidole asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kula, kabla ya kulala. Ncha za vidole zikawa ngumu. Darasani alikuwa anaishika penseli kwa ubavu wa kidole.

Rafiki yangu wa Muscat ndiye aliyenitumia sensa ya kwanza. Ni kidude cha duara, kinakaribia ukubwa wa kizibo cha soda. Kinabandikwa nyuma ya mkono, na kiuzi chembamba kinaingia chini ya ngozi. Kila baada ya dakika chache kinapeleka namba kwenye simu. Kinakaa wiki mbili, kisha unabandika kingine.

Mwalimu mkuu aliruhusu Saada abebe simu ndogo kwenye kipochi kiunoni. Simu ile inapokea namba na kunitumia popote nilipo, mradi mtandao upo. Sukari ikishuka sana, simu zote mbili zinalia.

Siku ya kwanza nilipoona mstari wa sukari ya mwanangu ukitembea kwenye kioo cha simu, bila tone la damu, nilitoka nje nikalia. Naandika hili bila aibu.

Kosa langu lilianzia hapo hapo.

Nikaanza kuuona ule mstari kama kazi ya mikono yangu. Kila baada ya alasiri, kijiweni kwenye kahawa, nilikuwa natoa simu. "Tazameni, umelala kama lami mpya." Watu wanatikisa kichwa, wananipongeza. Mstari ukipanda nakasirika, kana kwamba mtu kaja kuharibu mashine niliyoitengeneza jana.

Muuguzi wa kliniki alishatuambia: sukari ya juu inaharibu mwili polepole, lakini ya chini inaweza kumwondoa mtoto saa hiyo hiyo, kwa hiyo asitoke nyumbani bila kitu kitamu. Nilisikia. Ila nilipoona mstari unaruka ruka, nikaenda kwenye kipochi cha Saada, nikatoa pipi zote za glukosi.

Sikuishia hapo. Nikapita duka kwa duka, genge kwa genge. Nikawaambia, huyu ana sukari, asipewe kitu kitamu.

Wa mwisho alikuwa Bi Hadija, anayeuza kashata, ubuyu na soda jirani na shule. Ni mtu mzima, sote tunamwamkia. Nilijua ana huruma, kwa hiyo kwake nikakaza zaidi. Nikamwambia hata mama yake akija kumwombea, asimpe. Na kwa kuwa napenda kumaliza maneno kwa kishindo, nikaongeza: hata mimi mwenyewe siku nikipiga simu nimeingiwa na huruma, asinisikilize.

Bi Hadija akaapa. Huku kwetu mtoto ni wa mtaa mzima. Neno la mzazi likishapita madukani, limepita.

Jioni ile mama Saada aliniuliza, je, akishuka? Nikamwambia sensa itaona.

"Sensa inaona, baba Saada," akasema. "Lakini haina mikono."

Nikamwona hajasoma.

Wakuu, haikupita wiki.

Ilikuwa asubuhi, nipo Nangurukuru kwa mama lishe mmoja, nimefungua friza lake la samaki. Simu ikalia ule mlio. Nikafuta mikono, nikatazama: 3.6, mshale unaelekea chini. Ikishapita chini ya 4 ni hatari. Nilifahamu baadaye kwamba darasa lao lilikuwa limetoka kukimbia uwanjani.

Nikajipa moyo kwamba walimu wapo. Ikaja 3.1.

Nikapiga simu ya Saada. Alipokea, lakini sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Baba, nimekuja kwa Bi Hadija. Nimeomba soda, hela ninayo. Amesema umekataza."

Nikamwambia ampe simu Bi Hadija. Hakujibu. Nilisikia kelele za watoto kwa mbali, simu ikakatika.

Ikaja 2.7.

Kutoka pale hadi Masoko, hata boda akikimbia vipi, ningekuta mambo yameshaamuliwa. Nikampigia Bi Hadija mwenyewe. Alipokea kwa upole kabisa. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mtoto kaja kulia lia hapa, kamkatalia, kamkalisha kwenye benchi apumzike kivulini.

Nikamwambia, mpe soda sasa hivi.

"Mwanangu," akasema, "uliniambia siku ukipiga simu umelegea nisikusikilize. Nami nimeapa."

Naomba mnielewe nilivyosimama pale. Mama lishe ananitazama, madereva wameacha ugali wao wananitazama. Mimi ni mtu ambaye Nangurukuru nzima haijawahi kunisikia nikisema nimeharibu kitu. Hata friji ikinishinda, nasema kampuni iliitengeneza vibaya.

"Bi Hadija," nikasema, "nilikosea. Nilichokuambia siku ile kilikuwa ujinga wangu. Sukari imemwishia mwilini, na hilo ndilo linamuua. Mpe soda, nakuomba kwa Mungu, nilikosea mimi."

Kisha nikasikia kizibo kikifunguka.

Hakukata simu. Nilimsikia akimwambia, "Kunywa, mjukuu wangu. Taratibu. Meza." Akaniambia mtoto kalowa jasho na mikono inatetemeka, ila anameza. Nikamshukuru Mungu kwa neno hilo moja, anameza. Mtoto akishazimia humwekei kitu mdomoni, unakimbilia hospitali.

Mama lishe alishaita boda, kanilipia. Nilipanda nyuma, simu mkononi. Namba ikaja 2.6. Sensa huchelewa kidogo nyuma ya damu, jambo hilo nalijua, lakini kulijua hakukunisaidia kitu.

Ikarudi 2.6 tena. Halafu 2.9. Tulipokata kona ya kuingia mjini ilikuwa 3.8, na mshale unatazama juu. Sijawahi kupenda mshale wa juu maishani mwangu kama ule.

Nilimkuta kwenye benchi, kaegemea bega la Bi Hadija, mdomoni ana kipande cha kashata. Aliponiona, akakitoa haraka akakificha nyuma.

Wakuu, hapo ndipo palinivunja. Mwanangu katoka kuponea chupuchupu, na kitu cha kwanza anachowaza ni kwamba baba atakasirikia mstari.

Nikamwambia kula, mama. Kula yote.

Sasa niseme na hili, ambalo kijiweni sikuwahi kulisema. Nilikuwa nadai sensa zote zinatoka mfukoni mwangu. Za mwanzo ndiyo. Baadaye akiba iliisha, na nilikopa kwa siri. Bakari aliuza ufuta wake kabla ya bei kupanda ili anikopeshe. Jirani yetu muuza samaki alinipa. Na Bi Hadija alinipa zamu yake yote ya upatu. Mtu niliyemwekea amri ndiye aliyekuwa amenunua sensa iliyokuwa mkononi mwa Saada siku ile.

Nimejifunza hivi: kifaa kinakuonyesha tu, kuokoa ni kazi ya watu. Kama una mtoto wa namna hii, usiwafundishe jirani zako kukataa. Wafundishe dalili. Akitoka jasho, akitetemeka, maneno yakikwama, wampe kitamu kwanza, wakupigie baadaye. Na mstari ukiyumba, usimwonyeshe uso wa hasira.

Mwezi uliopita nilimaliza kufunga chumba cha baridi cha wafanyabiashara wa pweza. Kazi kubwa, na nimeifanya peke yangu, hilo mke wangu kaniruhusu nilitaje. Siku niliyolipwa nilimchukua Saada, tukawazungukia wote walionikopesha. Jirani. Kisha Kikole kwa Bakari, ambaye alihesabu, akaweka mfukoni, akasema, "Basi, umeliweza." Nikamwambia hapana, tumeliweza.

Tuliishia kwa Bi Hadija. Aliipokea hela yake, akatenga noti moja, akanirudishia mkononi. Nikadhani kakosea.

"Siyo yako," akasema. Akaichukua tena, akaitia kwenye kopo lililokaa peke yake juu ya rafu ya soda. "Hii ni ya Saada. Siku akija, asiniombe. Achukue."

Siku ile sikuwa na deni la mtu yeyote Kilwa, na mwanangu ana akiba dukani.

Ninyi wenye watoto wa sindano, wa mjini na wa vijijini, shuleni mmemwachia nani? Andikeni hapa chini, nami nijifunze.